Mwenye Taa Anatazama Mlango

Niliagizwa kupeleka mapazia. Basi.

Jua lilikuwa linazama na cherehani zimenyamaza. Bosi wetu, fundi mzee tuliyemwita Sindano kwa wembamba wa mwili na uchomaji wa maneno, alinitupia furushi kifuani.

“Mpelekee Mama Pazia kabla giza halijatanda. Na umuulize, kwa heshima zote, nyumba yake ina madirisha mangapi. Tumeshamshonea mapazia ya kufunika hospitali nzima.”

“Labda anayala, bosi.”

“Basi mwambie yana pamba nyingi, atavimbiwa. Nenda, binti!”

Jina la Mama Pazia tulimpa sisi wenyewe. Lake halisi hakuwahi kulitaja. Alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayezungumza pembeni ya mgonjwa aliyelala. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kichochoro, nyuma ya ghala la mbao. Nilipanda ngazi. Nilinyanyua mkono nibishe hodi.

Mlango ukafunguka kabla sijaugusa.

“Pita, mwanangu.”

Sebule ilikuwa imevikwa mapazia pande zote. Niliitambua mishono yangu, ile ninayoipinda mara mbili kwenye pindo. Hapakuwa na upepo. Nilipopita, bega langu likasukuma pazia mojawapo, nikategemea kioo cha dirisha. Nikagusa ukuta. Ukuta mtupu, wenye ubaridi wa mtungi wa maji.

Nani huvisha ukuta nguo?

Halafu ile harufu. Harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, moshi wake ukiwa bado unajikunja hewani. Nikatafuta taa kwa macho. Hapakuwa na taa ya utambi. Balbu tu, juu ya meza, na juu ya meza karata.

Si karata za kuchezea. Zilikuwa karata za picha za kupigia ramli, taroti, kubwa kama kiganja cha mwanamume, pembe zimechakaa kwa kushikwa. Nilizitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

“Kuna mtu nyumbani kwenu unamtilia shaka,” alinong'ona.

Sikujibu. Lakini shingo yangu ilijibu, nilihisi imekakamaa.

Maana alikuwepo.

*

Dada yangu alikuwa ameshauzika moyo wake mara moja. Mtoto wake wa kwanza, binti, alilazwa mzima kitandani mwake jioni moja, na hakuamka. Daktari alisema hutokea. Dada alisema kitu kingine, kwangu tu. Alisema alipoingia chumbani, palinuka utambi uliozimwa, na nyumba yao ina umeme.

Alisema pia kwamba mama mkwe wake alikuwa amemtembelea, na aliondoka asubuhi ya siku ileile.

Sasa dada alikuwa na mtoto wa pili. Mvulana, mchanga, mwenye ngumi ndogo kama vifungo vya koti. Na mama mkwe alikuwa amerudi, safari hii bila kusema ataondoka lini. Shemeji yangu, anayefanya kazi kwenye mitambo ya maji, alikuwa amepelekwa kituo cha mbali. Kwa hiyo ndani walikuwa wanawake wawili, mtoto, na mimi niliyekuwa nikipitia kila nikitoka kazini.

Kila jioni yule mama alifanya jambo moja. Balbu zinawaka, yeye anawasha chemli yake ya utambi. Anaiweka kizingitini. Anavuta kigoda, anakaa karibu na mlango, anakipa kitanda cha mtoto mgongo. Anatazama nje. Hasemi.

“Mama, mtoto analia,” dada angemwambia.

“Nasikia. Mchukue.”

Hageuki.

Bibi gani huyo, mjukuu analia na shingo haigeuki?

Siku moja nilimkuta akimwogesha, mchana. Kando ya sikio la mtoto niliona kitone cheusi, kidogo kama ncha ya sindano.

“Ana alama,” nikasema. “Sikio la kulia.”

Yule mama alinitazama kwa namna iliyonifanya nirudi nyuma hatua.

“Umeiona? Vizuri. Mama yake macho yamejaa mapenzi, hayaoni kitu. Wewe ni fundi. Ikumbuke iko upande gani.”

Kwa nini niikumbuke? Mtoto ni shati, kwamba atapotea kwenye rundo la wateja? Nilitoka pale bila kuaga. Shaka ni kama uzi uliochomoza kwenye pindo. Ukiuvuta kidogo tu, nguo nzima inakufuata.

*

Ndiyo maana Mama Pazia aliponivutia kiti, nilikaa.

Nilikaa mbele yake, meza katikati yetu.

“Karata moja haisemi kitu,” alinong'ona. “Karata moja ni kama mtu kwenye benchi la hospitali. Hujui ni mgonjwa au ni muuguzi mpaka umwone aliyekaa naye.” Akalaza karata ya malkia mwenye upanga mkononi. “Huyu ni nani?”

“Muuaji.”

Akalaza nyingine kando yake. Mwanamke amefungwa kamba, kitambaa machoni. “Na sasa?”

Nikatazama. Upanga, kamba. Kamba, upanga.

“Anakuja… anakuja kumkata kamba.”

“Unaona? Malkia hakubadilika. Amebadilishiwa jirani tu.” Alitabasamu bila kuonyesha meno. “Halafu tazama macho yao. Anayekutazama na anayekupa mgongo si watu wa aina moja.”

Nilitoka kwake giza limeshaingia, na kwa mara ya kwanza sikuliogopa. Nilikuwa nimepata kitu. Wenzangu pale dukani walikuwa na wachumba. Mimi nilikuwa na siri.

Mapazia yaliendelea kuagizwa, na kila nilipopeleka pazia nilipewa somo. Nilijifunza mtandiko wa nyumba: karata ya mtu katikati, ya matumaini juu, ya kilichofichika chini, na mbili ubavuni. Hizo za ubavuni, alisema, ndizo zenye kuua au kuponya.

“Huku hukaa mlinzi,” akanyoosha kidole upande wangu wa kulia. “Na huku hukaa mchukuaji.” Kidole kikaenda kushoto kwangu, kikatulia pale. Ukucha wake uligonga meza. Tko. Tko.

“Mchukuaji wa nini?”

“Wa kilicho katikati.”

Nilirudia maneno hayo njia nzima, kwa mdundo wa hatua zangu, kama shairi la shule. Kulia mlinzi, kushoto mchukuaji. Kulia mlinzi, kushoto mchukuaji.

Siku moja aliniuliza maswali. Nyumba ya dada iko wapi? Mtoto wake analala chumba gani? Kitanda chake kimetazama mlango au dirisha? Nilijibu yote. Mwalimu akiuliza, mwanafunzi hujibu. Kisha akatoa vipimo vya pazia jipya, akavinong'ona polepole ili niviandike vizuri. Lilikuwa pazia dogo sana, jepesi, lenye pete ndogo za chuma.

“La dirisha gani hili?”

“La kitanda cha mtoto.”

“Una mjukuu, Mama?”

“Namtarajia.”

Nikampongeza. Ndiyo, nilimpongeza. Yeye akakusanya karata zote, akazifunga kwenye leso, akaniwekea mikononi. Vidole vyake vilikuwa baridi kama ule ukuta.

“Nenda nazo. Karata hazioni kwa mbali. Katandike ndani ya nyumba yenyewe, karibu na mtoto.”

*

Dada alifunga mlango wa sebule. Mama mkwe alikuwa uani akifua nguo za mtoto. Tulimsikia: maji, kukamua, maji.

“Sijui kama ni vizuri,” dada alinong'ona, huku akiwa ameshakaa.

“Tunatazama tu, Dada. Kutazama si dhambi.”

Nilizichanganya. Nikatandika.

Katikati ikaja Jua: mtoto mchanga juu ya farasi, anacheka.

Dada akashika mdomo.

Juu, mwanamke aliyekaa kitini, tumbo limejaa, nafaka miguuni. Dada mwenyewe. Chini, Mwezi: mbwa wawili wanabweka, njia inapotelea gizani. Kuna uongo ndani ya nyumba, nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeanza kufanana na ya mwalimu wangu.

Nikafunua ya kulia. Mahali pa mlinzi.

Mwanamke amekaa katikati ya nguzo mbili. Nyuma yake pazia. Macho yake mchoraji aliyageuza pembeni, yametua juu ya mtoto, hayapepesi.

“Pazia!” Nilitaka kuruka. “Dada, huyu ni mwalimu wangu. Ndiye mlinzi wetu.”

Nikafunua ya kushoto. Mahali pa mchukuaji.

Mzee. Amejitanda nguo nzito, fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili umeinua taa.

Taa.

Na alikuwa amempa mtoto mgongo.

Uani, maji yakanyamaza.

“Ni yeye,” dada alisema. Hakunong'ona tena. “Mungu wangu. Ni yeye. Ile harufu ya utambi… ni yeye!”

Mlango wa uani ukafunguka. Mama mkwe alisimama pale mikono inadondosha maji, nepi begani. Akatazama meza. Akatutazama.

“Nani ameleta vitu hivi humu?”

“Mimi,” nikasema.

“Nani amekufundisha?”

“Mtu.”

“Huyo mtu… amewahi kukuuliza mtoto analala wapi?”

Moyo uligonga mara moja, kwa nguvu, kama mguu wa cherehani ukikanyagwa ghafla.

“Hapana,” nikasema.

Dada alikuwa amesimama. “Mama, kwa nini humtazami mwanangu jioni? Niambie leo. Kwa nini?”

Yule mama alishusha nepi begani. “Kuna mambo ukiyataja yanaitika, mkwe wangu.”

“Basi usiyataje. Nenda nayo.”

“Unanifukuza?”

“Nakuomba uondoke. Leo. Kabla mume wangu hajarudi akanichanganya akili.”

Nilidhani atalia, au atalaani. Alianika nepi ya mwisho kwanza, akainyoosha mikunjo. Akafunga kanga zake, akachukua fimbo yake. Mlangoni akaiweka chemli kizingitini, pale pake pa siku zote, na kiberiti kando.

“Taa naiacha. Iwasheni kabla ya giza.”

Alipoteremka ngazi hakugeuka nyuma, na mimi nikahesabu hilo pia kuwa ushahidi.

Dada alilala kwangu begani usiku ule, mtoto kifuani. Balbu zote ziliwaka. Hapakutokea kitu. Asubuhi tulicheka. Tulikuwa tumeshinda.

*

“Binti. Njoo hapa.”

Siku hiyohiyo, jua likianza kushuka, Sindano alikuwa ameinua blauzi ya mteja mbele ya dirisha. Nilikuwa nimekata mikono yake mchana huo, akili iko kwa dada.

“Huyu mteja,” alisema, “ana mikono miwili ya kushoto?”

Wenzangu waliangua kicheko. Nikatazama. Kweli. Nilikuwa nimeona mkono mmoja ulioshonwa, umetundikwa mbele yangu, nikaunakili vilevile nilivyouona.

“Labda ni kaa, bosi,” mmoja akadakia.

“Kaa angekuwa na akili zaidi ya huyu. Simama mbele yangu, binti. Inua mkono wa kulia.”

Niliinua. Yeye naye akainua wake wa kulia. Mikono yetu ikawa pande tofauti, kama watu waliokosana.

“Umeona? Ukimtazama mtu uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Ukijifunza kitu umekaa mbele ya mwalimu, ukifika kwako ukigeuze. Usipokigeuza, unakivaa kinyume.”

Kicheko kiliendelea. Mimi nilikuwa sisikii tena.

Meza katikati yetu. Mimi upande huu, yeye upande ule.

Huku hukaa mlinzi. Kulia kwangu… kushoto kwake.

Mwenye kutandika ndiye mwenye meza. Nyumbani kwa dada niliyetandika ni mimi, na sikugeuza.

Mzee mwenye taa hakukaa mahali pa mchukuaji.

Alikaa mahali pa mlinzi.

Na kama alimpa mtoto mgongo, ni nani hukipa mgongo anachokipenda? Askari wa lango. Mbwa wa nyumba. Mlinzi hatazami anachokilinda. Mlinzi anatazama mlango.

Na yule wa pazia, asiyepepesa macho, anayemtazama mtoto…

“Bosi.” Nilipekua rafu kwa macho. “Lile pazia dogo liko wapi? La kitanda.”

“Amelichukua mwenyewe mchana, ulipokwenda kula. Mama wa watu ana roho nzuri. Kumbe lilikuwa zawadi kwa dada yako.”

*

Nilikimbia. Jua lilikuwa limebaki utepe mwekundu juu ya mapaa.

Mlango wa dada ulikuwa wazi.

Harufu ilinipokea ngazini.

Utambi. Uliozimwa sasa hivi.

Balbu za sebuleni zilikuwa zinawaka, lakini mwanga wake ulikuwa umenywea, umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi. Dada alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kimeegemea kochi, ametabasamu usingizini.

“Dada.”

Hakuamka.

“Dada!”

“Mwache apumzike,” sauti ikanong'ona. “Amechoka kuogopa.”

Mama Pazia alikuwa amekaa chumbani, kando ya kitanda cha mtoto. Pazia langu lilikuwa limeshatundikwa, limefungwa pande zote. Nyuma yake sikuona mtoto. Niliona kivuli chake tu. Mama Pazia hakunitazama. Alikuwa anatazama pale pazia linapokutana.

“Umechelewa, mwanafunzi wangu. Lakini umejifunza vizuri. Ulitandika safi.”

“Nilitandika kinyume.”

“Ulitandika kama nilivyokufundisha.”

Miguu iliniambia nikimbilie kitandani. Nimnyakue mtoto. Lakini nilikumbuka kigoda, mgongo wa yule mama, shingo isiyogeuka hata mtoto akilia. Jioni zote zile. Mtu hafanyi hivyo kwa ukaidi. Mtu hufanya hivyo kwa sababu ndivyo kazi ilivyo.

Nikarudi mlangoni. Chemli ilikuwa pale kizingitini, baridi. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimwa, na hapakuwa na upepo, ila pumzi, na pumzi ile ilitoka karibu na sikio langu.

Ya tatu ikashika.

Utambi ukawaka. Nikakaa kwenye kigoda. Nikatazama nje.

Mwali ukatulia.

Kisha, nyuma yangu, kiti kikasogea.

“Umekaa mahali pa nani?” Sauti haikuwa ya kunong'ona sasa. Ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitia baridi zaidi.

“Pa mlinzi.”

“Una uhakika? Umehesabu kutoka upande gani?”

Nikakaza macho nje. Hatua zilikuja. Nyepesi, za mtu asiye na haraka. Pindo la nguo likanigusa bega, likiwa baridi, bichi, na nikaona miguu yake ikivuka kizingiti. Mwali wa taa ukalala ukutani, ukainuka tena. Alishuka ngazi. Giza likamfunga kama vile anavyopenda kufunga madirisha.

Ameondoka. Nimemwona akiondoka.

Lakini nyuma yangu, chumbani, pete za pazia zikasogea kwenye waya.

Cha… cha… cha…

Polepole. Kama mtu anafungua.

Na mtoto akacheka.

Alikuwa bado mdogo mno kucheka.

Sikugeuka. Naapa kwa mikono yangu ya kazi, sikugeuka. Niliitoa simu mfukoni, nikampigia shemeji, nikasema maneno mawili tu: “Mrudishe mama.” Kisha nikakaa, macho nje, machozi yananidondoka, hadi kulipopambazuka na nikasikia fimbo ya mama mkwe ikipanda ngazi.

*

Hakuniuliza lolote. Alinigusa kichwa alipopita, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Dada alikuwa ameamka, anapiga miayo, anashangaa kwa nini nimelala kigodani. Alikumbuka mgeni mwema na zawadi, halafu usingizi.

Shemeji alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mama yake akalifungua pazia. Mtoto alikuwa mzima. Mwekundu, mnene, macho wazi, anapiga ngumi hewani. Dada akamkumbatia akalia, akamwomba mama mkwe radhi kwa magoti. “Nisamehe, Mama. Nilidanganywa na karata.”

“Inuka, mwanangu. Karata hazikukudanganya.”

Kisha akamchukua mtoto. Akamgeuza uso. Akalitazama sikio lake. La kulia. Akamgeuza tena, akatazama la kushoto. Alitazama muda mrefu.

Akaninyanyulia macho.

Kitone kilikuwepo. Sikio la kushoto.

“Wewe ni fundi,” alinong'ona ili nisikie mimi tu. “Ilikuwa upande gani?”

Siku ile ya kuogeshwa… mtoto alikuwa amenikabili. Kulia kwangu, kushoto kwake. Au alikuwa amelazwa kifudifudi? Nilisema kulia. Lakini kulia kwa nani? Mimi ndiye niliyekata mikono miwili ya kushoto. Mimi ndiye niliyetandika kinyume. Ushahidi wangu una thamani gani?

“Sijui,” nikasema. “Mama, sijui.”

Hakunilaumu. Alimrudisha mtoto kwa mama yake.

Dada husema alama ilikuwa kushoto tangu azaliwe. Anakasirika nikiuliza. Shemeji anasema watoto hubadilika, na mimi nijitafutie mume nipunguze maswali. Karata nilizirudisha kwenye leso ya Mama Pazia, nikaziacha juu ya ngazi za ile nyumba nyuma ya ghala la mbao. Nilibisha hodi, hakufungua. Mapazia yalikuwa bado yametundikwa madirishani, lakini yote yamegeuzwa: uzuri wa kitambaa ndani, mishono yangu nje, inautazama mtaa. Hajaagiza tena. Sindano anasikitika.

Mtoto anakua. Halii kamwe. Hushika vitu kwa mkono wa kushoto. Wakati mwingine, nikimwinamia, hunitazama bila kupepesa, nami hujisemea kuwa watoto wote hutazama hivyo.

Mama mkwe hajaondoka tena, na dada hataki aondoke. Kila jioni, kabla ya giza, anawasha chemli yake. Anavuta kigoda, anakaa palepale, karibu na mlango.

Ila siku hizi mlango ameupa mgongo.

Anamtazama mtoto.